Kanda si Ghala: Mitambo ya Muziki katika Sanaa ya Sasa na Fasihi Simulizi ya Meru na Embu

1.0 Utangulizi

Fasihi simulizi kama somo la chuo kikuu nchini Kenya ilikua pamoja na kinasasauti. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake pawe na idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati na kuyapa masimulizi ya wananchi nafasi ya msingi. Mabadiliko yaliyofuata yaliwafanya wanafunzi warudi makwao kukusanya. Vizazi kadhaa vimefika Meru, Tharaka, Chuka, Embu na Mbeere vikiwa na kaseti tupu na betri, vikawaomba wazee waimbe na wasimulie, kisha vikarejea chuoni na kanda zilizojaa sauti.

Hata hivyo, kilichosomwa darasani kwa kawaida hakikuwa kanda. Kilikuwa maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kanda, pamoja na tafsiri yake, yakiwa yamefungwa nyuma ya tasnifu kama kiambatisho. Kanda ilihesabiwa kuwa imekwisha kazi pindi maneno yalipohamia kwenye karatasi. Msimamo huu haukutangazwa popote kama nadharia, lakini umeongoza utendaji wa wahakiki wengi: kanda ni ghala, maneno ni nafaka, na nafaka ikishatolewa ghala halina faida.

Makala hii inaupinga msimamo huo. Inadai kwamba mtambo unaopiga sauti iliyorekodiwa hauhifadhi tukio la fasihi tu. Unaanzisha tukio jingine, lenye hadhira yake, mahali pake, wakati wake na hata fanani wake. Wasanii wa sasa wa Kenya wamelitambua jambo hili mapema kuliko wahakiki wa fasihi. Kwa hiyo makala inaanza na suala la nadharia, inaangalia hali ya Meru na Embu, kisha inazihakiki kazi chache za sanaa zilizoufanya mtambo wa muziki kuwa mada yake, na mwishoni inarudi kwenye kanda za idara zenyewe.

2.0 Tukio na Mtambo

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio lililofungamana na muktadha wa kijamii na kutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Maelezo haya yamekuwa na manufaa makubwa kwa sababu yaliiondoa fasihi simulizi katika hali ya kuwa matini tu. Swali lisilojibiwa vya kutosha ni hili: mambo hayo sita huwaje wimbo unapotoka kwenye spika badala ya kinywa?

Chukua wimbo wa kazi ulioimbwa shambani karibu na Runyenjes, ukarekodiwa, kisha ukapigwa ndani ya matatu inayotoka Embu kwenda Nairobi. Fani bado ipo, ingawa imepungukiwa na mwili. Mahali na wakati vimebadilika. Hadhira ni nyingine: hapana mwenye jembe, kila mmoja amekaa akitazama mgongo wa mwenziwe. Fanani wa awali hayupo. Lakini si kweli kwamba nafasi yake imebaki wazi. Yupo dereva au kondakta aliyeuchagua wimbo huo badala ya mwingine, aliyeuweka baada ya wimbo wa dini na kabla ya wimbo wa mapenzi, anayeongeza sauti gari linapokaribia stendi na kuipunguza askari wa barabarani anapoonekana. Abiria humwambia yeye, si mwimbaji, arudie au aondoe. Huyu anaweza kuitwa fanani wa pili. Hakuutunga wimbo, lakini mtambaji wa ngano naye hakuitunga ngano aliyoirithi kwa bibi yake, na hakuna mhakiki anayemnyima jina la fanani kwa sababu hiyo.

Pingamizi la haki linaweza kutolewa. Mtambaji huibadilisha ngano kulingana na nyuso anazoziona. Fanani wa pili hawezi kuigusa silabi hata moja. Hasara hii ni ya kweli, na hudhihirika zaidi katika nyimbo za kuitikiana. Shambani, kiongozi wa wimbo humngoja mwitikiaji aliyechoka, humtania, humwongezea ubeti wa kumtia moyo. Kwenye kanda kiongozi huita na kusonga mbele, awe ameitikiwa au hakuitikiwa. Kwa hiyo haitoshi kusema, kama Walter Ong katika kitabu chake cha 1982, kwamba redio na vyombo vya aina yake vimeleta usimulizi wa awamu ya pili. Inambidi mhakiki aonyeshe ni nini hasa kilichopotea katika awamu hiyo na ni nini kilichoongezeka. Walter Benjamin, katika insha yake ya miaka ya 1930 kuhusu kazi ya sanaa katika enzi ya kuzalishwa kwa mitambo, aliona kwamba nakala huiondolea kazi upekee wa kuwapo mahali pamoja na wakati mmoja, na papo hapo huipeleka kwa watu ambao kazi asilia isingewafikia. Pande zote mbili za hoja hiyo zinahitajika katika uhakiki wa Meru na Embu.

3.0 Hali ya Meru na Embu

Hapa mitambo haikukuta ukimya. Ngoma za Chuka, ambazo zimekuwa sehemu ya sherehe za kitaifa tangu zamani, ni mfano mzuri. Ngoma yenyewe ni ndefu. Mpigaji huishika baina ya mapaja, ikiwa imeinama mbele yake, akaipiga kwa mikono huku kiwiliwili chote kikienda pamoja na mdundo. Anayeitazama huuona mdundo kabla ya kuusikia. Redio ikiipokea ngoma hiyo, inabaki na mlio na kuuacha mwili. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba mtambo haukuwa wa kwanza kuihamisha. Uwanja wa michezo wa Nairobi, wenye jukwaa la wageni na dakika zilizopimwa, ulikuwa tayari umeitoa ngoma uwanjani kwao. Vivyo hivyo Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezipa nyimbo za Wameru na Waembu muktadha wa mashindano, ambamo wimbo wa arusi huimbwa na watoto wa shule mbele ya waamuzi wenye kalamu. Mwalimu akijifunza wimbo huo kwenye kanda na kuwafunza wanafunzi wake, kanda imekuwa kiungo kati ya matukio mawili ya ana kwa ana, na wimbo umetoka kinywani, ukaingia kwenye mtambo, ukarudi kinywani. Njia hiyo haina nafasi katika picha ya ghala.

Jambo la pili ni lugha. Serikali ya kikoloni, hasa wakati wa Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la kiutawala. Lugha zao ni za jamaa moja, ingawa kila moja ina uhai wake. Biashara ya santuri iliyostawi Nairobi baada ya uhuru, hususan katika maduka ya River Road, ilikuwa na nyimbo nyingi za Kikuyu, Kikamba, Kijaluo, Kiswahili na Kilingala. Msikilizaji wa Maua au Siakago aliyenunua santuri alinunua pia sauti ya jirani, na mara nyingi alifurahia wimbo katika lugha aliyoifahamu bila kuwa yake. Vituo vya binafsi vya lugha za kienyeji vilipoanza, Kameme FM ya Kikuyu ikitangulia mwaka 2000, ndipo baadaye Muuga FM ikazungumza Kimeru na Wimwaro FM ikawazungumzia Waembu na Wambeere. Umuhimu wa vituo hivi kifasihi hauko katika habari tu. Vimemfanya msikilizaji asikie lahaja ya kwao ikitoka kwenye chombo kilichozoea kutoa lugha za wengine.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nalo linahusu mipaka ya usikilizaji. Nyimbo za jando miongoni mwa jamii hizi hazikukusudiwa masikio ya kila mtu. Zina maneno ambayo kijana huruhusiwa kuyasikia akiwa miongoni mwa rika lake, na ambayo hayatamkwi mbele ya mzazi wala mkwe. Muktadha wake ndio uliokuwa mlinzi wake. Zikiingia kwenye kaseti, na siku hizi kwenye simu na kadi ya kumbukumbu, mlinzi huyo huondoka. Wimbo huweza kupigwa sokoni au garini, baba mkwe akiwa kiti cha mbele na mke wa mwanawe kiti cha nyuma. Mtambo haujui mkwe. Kilichokuwa mafunzo huwa kichekesho au aibu, bila hata neno moja kubadilika. Hapa ndipo dai la makala hii linapopata uzito: ikiwa maana inaweza kugeuka kiasi hicho maneno yakiwa yale yale, basi maana haikukaa katika maneno peke yake, na mhakiki anayechambua kiambatisho cha tasnifu anachambua kitu kisicho kamili.

4.0 Mtambo kama Mada ya Sanaa

Mfano wa kale unaofaa kutangulia haukutoka mashariki ya Mlima Kenya, bali kwa Wakipsigis upande wa magharibi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuja baadaye kuasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni matamshi ya kienyeji ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwao kwa gramafoni. Waimbaji walimfanya kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Wasomaji wengi wameuchukulia wimbo huo kuwa kioja cha watu wasioujua mtambo. Usomaji huo ni finyu. Sauti isiyo na mwili ilikuwa imewafikia watu ambao fasihi yao haitenganishi sauti na mwili. Wao wakaifanyia kazi ya fasihi, yaani wakaitungia mwili. Chemirocha ni uhakiki wa gramafoni uliofanywa kwa wimbo. Na katika muongo wa 2010, maktaba hiyo ya Tracey iliposhirikiana na wahifadhi wa muziki wa Nairobi kuirudisha rekodi hiyo Kapkatet, tukio la tatu lilitokea: wazee walisikia sauti za ujana wao kutoka kwenye mtambo, na rekodi ikapata tena watu wa kuitambua.

Kwa upande wa sanaa za ufundi, Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984 na anayejulikana kwa miwani yake ya vyuma vilivyotupwa, ametengeneza pia sanamu za redio kwa mabaki ya aina hiyo hiyo. Katika kazi hizi redio inatazamwa kabla ya kusikilizwa. Kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiafrika yenye redio moja anakumbuka kwamba chombo hicho kilikuwa na mahali pake pa heshima, kitambaa chake na mtu mmoja aliyeruhusiwa kukigusa. Mamlaka ya baba, fahari ya mali na umoja wa wasikilizaji vilikusanyika katika kisanduku kimoja. Kabiru anaonyesha kwamba mtambo ni mhusika. Nguvu ya kazi zake ni hiyo. Upungufu wake ni kwamba uzuri wa kifaa kilichofufuliwa humvuta mtazamaji kwenye kumbukumbu tamu, na ugomvi juu ya nani ageuze kitufe, ambao ulikuwa sehemu ya uhai wa redio nyumbani, haudhihiriki.

Kazi inayoligusa suala la hifadhi moja kwa moja ni ya Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, msanii wa sauti aliyezaliwa Nairobi na kufanyia kazi Berlin. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ambaye nyimbo zake mjukuu amekuwa akizitoa upya. Katika albamu yake ya 2022, Temporary Stored, KMRU alitumia rekodi zilizomo katika hifadhi ya Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Jina lenyewe ni kejeli: linazieleza sauti hizo kuwa zimewekwa kwa muda tu, hali zimekaa huko miaka na miaka. Sauti za hifadhi huibuka na kuzama ndani ya mivumo mirefu ya kielektroniki, hata msikilizaji asiwe na hakika kama anachosikia ni ala, pumzi ya mtu au mtambo.

Fani hii inafaa maudhui yake. KMRU hakuzisafisha rekodi ili zipendeze, wala hakuzipambia midundo ya dansi. Anamfanya msikilizaji asikie umbali wenyewe. Anakuwa fanani wa pili anayekiri hadharani kwamba ni wa pili. Lakini mhakiki wa fasihi ana wajibu wa kuuliza swali ambalo mhakiki wa muziki anaweza kulipita: maneno yako wapi? Mvumo unaomeza sauti humeza pia tenzi, majina, maombi na matusi yaliyokuwamo. Mwimbaji ambaye hakutajwa kwa jina na mkusanyaji wa kikoloni anabaki bila jina katika kazi ya msanii anayemtetea. Huenda hilo ndilo KMRU alilotaka lisikike, kwamba hasara haiwezi kufidiwa na usanii. Hata hivyo, Kapkatet inaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Pale sauti ilirudi, na pamoja nayo yalirudi majina. Temporary Stored inafichua jeraha kwa ufundi mkubwa. Haidai kulitibu, na haifai kusifiwa kana kwamba imelitibu.

5.0 Ukurasa Unaosikika

Meru haijakosa msanii wa neno aliyeshughulika na tatizo la sauti na chombo chake. Kithaka wa Mberia, mshairi na mwanaisimu mzaliwa wa Tharaka, aliipa diwani yake ya 2005 jina Redio na Mwezi. Jina hilo peke yake linaweka pamoja chombo cha sauti na mwanga ambao chini yake ngano zilitambwa na ngoma zikachezwa. Zaidi ya jina, ushairi wake tangu Mchezo wa Karata (1997) umejulikana kwa mpangilio wa maneno unaovunja mstari, kuyatawanya na kuyarundika herufi mahali pasipotarajiwa. Baadhi ya wahakiki wa arudhi wameuona mtindo huo kuwa utovu wa nidhamu. Kwa mtazamo wa makala hii, unaweza kusomwa kama jitihada ya kuufanya ukurasa kuwa chombo cha kupigia sauti: nafasi tupu ni pumzi, neno lililoshuka ngazi ni sauti inayoshuka. Msomaji ndiye fanani wa pili, na maelekezo ya utendaji yamo ndani ya matini. Hayo ndiyo yanayokosekana katika viambatisho vya nyimbo za Meru na Embu, ambavyo huyapanga maneno ya kuitikiana katika beti zilizonyooka kana kwamba yaliimbwa na mtu mmoja aliyesimama wima.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mitambo ya muziki, kuanzia gramafoni hadi kadi ya simu, si vyombo vya kuhifadhia tu. Huhamisha wimbo, huubadilishia hadhira, huuvunjia mipaka ya heshima, humzalia fanani wa pili, na pengine huwachochea watu watunge upya. Wasichana wa Kapkatet, Kabiru na KMRU wamelifanyia kazi jambo hili kwa njia zao. Uhakiki wa fasihi simulizi umebaki nyuma kwa sababu umejihesabu kuwa nje ya mtambo, ilhali ulikuwa mtumiaji wake tangu siku ya kwanza.

Matokeo yake ni ya kivitendo. Utepe wa sumaku huharibika: huliwa na ukungu, hunata, hupoteza sauti ya juu kwanza, na pamoja nayo konsonanti zinazotofautisha neno na neno. Kanda zilizokusanywa Meru na Embu katika miaka ya 1970 na 1980 zinafikia umri huo, na waimbaji wengi waliosikika humo hawako tena. Kuzihamishia kwenye kompyuta ni lazima, lakini kazi hiyo ikifanywa kwa fikra ya ghala itatoa ghala jipya tu. Kinachotakiwa ni kuzipiga tena mbele ya watu wanaoweza kumtambua anayeimba, kuandika jina lake, kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kuusikia wimbo huo na nani hakuruhusiwa, na kuliandika tukio hilo la pili kwa uangalifu ule ule uliotumika kwa la kwanza. Nyimbo za jando zitahitaji wazee waamue zipigwe wapi, na uamuzi wao unaweza kuwa kwamba zisipigwe.

Mazingira ya kazi hiyo yapo kuliko zamani. Chuka imepata chuo kikuu kamili tangu 2013, Meru mwaka huo huo, na Embu tangu 2016. Mwanafunzi wa leo hahitaji kuibeba sauti ya bibi yake hadi Nairobi ili ihesabiwe kuwa fasihi. Anaweza kuirudisha kanda nyumbani, akaketi na wenye wimbo, akabonyeza kitufe, kisha akanyamaza na kuandika kile watakachokisema.